Je, Yamalizwe Nyumbani?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mmoja wa washauri wa Mahakama ya Mwanzo katika miteremko ya Mlima Meru, upande wa Arumeru. Watu walituita wazee wa baraza, hata sisi tuliokuwa akina mama. Tulikaa pamoja na hakimu, tukasikiliza magomvi ya mipaka, ya madeni, ya ng'ombe aliyeingia shambani kwa jirani, na mara nyingi sana magomvi ya watu waliopigana. Tangu niiache kazi hiyo, swali moja limenifuata kwenye kikundi cha akina mama, sokoni Tengeru, hata msibani. Mtu hunivuta pembeni, akaniamkia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama, nimepigwa. Niende mahakamani, au tuyamalize nyumbani?"

Swali hili halina jibu moja linalowafaa wote. Anayekimbilia kusema "mpeleke mahakamani" pengine hajafikiri kwamba mwenye kuuliza atarudi kulala katika boma lile lile. Na anayekimbilia kusema "samehe, wewe ni Mkristo" pengine hajauona mkono ulivyovimba. Kwa hiyo leo napenda tuongee juu ya jambo hili kwa utulivu: wazee wanafanya nini, mahakama inafanya nini, na adhabu hupangwaje. Ukiyajua hayo utaweza kuchagua ukiwa umefumbua macho.

Jambo moja nataka ulishike tangu mwanzo. Kusamehe ni kazi ya moyo wako, na hakuna awezaye kukuzuia wala kukulazimisha. Lakini kuliacha jeraha lipite bila kupimwa na kuandikwa ni jambo lingine kabisa, na watu wengi huyachanganya mawili haya.

Kupigwa kuna ngazi zake

Sisi husema "nimepigwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Sheria haioni hivyo. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kumpiga mtu kofi au kumsukuma bila kumwachia jeraha huitwa shambulio la kawaida, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha mwaka 1. Pigo likiacha dhara mwilini, kama uvimbe au kidonda, linakuwa shambulio la kudhuru mwili. Kosa hili watu wa mahakamani wamezoea kulitaja kwa namba ya kifungu chake, 241, na adhabu yake ya juu ni miaka 5. Likiwa limeharibu jicho au kiungo kisirudi tena, au limeacha kovu la kudumu la kumharibu mtu sura, au limeivunja afya yake vibaya, hayo ni madhara makubwa, na kifungo chaweza kufika miaka 7. Na ikithibitika kwamba mpigaji alikusudia tangu mwanzo kumletea mwenzake madhara makubwa, sheria inaruhusu hata kifungo cha maisha.

Ngazi hizi zina maana kubwa. Ndizo zinazoamua shauri liende mahakama gani, kama linaweza kupatanishwa au la, na adhabu iwe nzito kiasi gani. Mahakama ya Mwanzo, ambayo ndiyo iliyo karibu na watu, kwa kawaida haiwezi kumfunga mtu zaidi ya miezi 12. Mashauri mazito hupelekwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi.

Sasa, ni nani anayejua jeraha lako liko ngazi gani? Si mjumbe, si mama mkwe, wala si wewe mwenyewe. Ni tabibu. Ndiyo sababu ya ile karatasi iitwayo PF3, yaani fomu namba 3 ya polisi. Unaichukua kituoni, unakwenda nayo hospitalini, iwe Mount Meru mjini, Nkoaranga huku mlimani au kituo chochote cha afya kilicho karibu, na tabibu anaandika alichokiona: jeraha liko wapi, lina ukubwa gani, limetokana na kitu cha namna gani. Halafu inarudi polisi. Jeraha la hatari lisisubiri karatasi, maana uhai huja kwanza. Lakini likiwa si la kutisha hivyo, pitia kituoni siku hiyo hiyo. Uvimbe hupungua, damu huoshwa, na mwezi ukipita mwili hausemi tena kilichotokea.

Fomu hiyo peke yake haimtii mtu hatiani. Mahakama hutaka pia kumsikia aliyepigwa mwenyewe, na aliyeona au aliyesikia mayowe. Mshitakiwa naye ana haki zake. Katika Mahakama ya Wilaya ana haki ya kutaka tabibu aliyejaza fomu aitwe aulizwe maswali, na Mahakama ya Rufani imekwisha kuziondoa fomu za namna hii katika ushahidi mara nyingi, kwa sababu tu mshitakiwa hakuelezwa haki hiyo. Simlaumu aliyeomba hivyo. Kama mwanao angekuwa ndiye anayeshitakiwa kwa uongo, ungependa naye apewe nafasi ya kuuliza.

Wazee wanapoita kikao

Kwetu mlimani ugomvi hauanzi kwa polisi. Wameru wana mshili wa ukoo, Waarusha wana laigwanani wa rika, na kila kitongoji kina mwenyekiti wake. Hii si desturi ya juzi. Philip Gulliver, mtaalamu Mwingereza aliyekaa na Waarusha katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza jinsi walivyopenda kuumaliza ugomvi kwa mazungumzo. Ukoo wa huyu na ukoo wa yule huketi, au watu wa rika, wakabishana mchana kutwa mpaka wafike mahali pa kukubaliana.

Mimi naheshimu vikao hivi, wala sipendi kumsikia mtu akiwadharau wazee. Vimezuia damu nyingi. Vijana wawili waliopigana kilabuni, kila mmoja akiwa na kaka zake wanne nyuma yake, wazee wakiwahi kuwaketisha, kijiji kinalala salama. Mahakama haiwezi kufika usiku ule ule.

Lakini kikao kina udhaifu wake, na Gulliver naye aliuona. Katika mazungumzo, mwenye watu wengi na sauti kubwa huwa na nafasi ya kupata zaidi. Basi mfikirie mwanamke aliyeolewa mbali na kwao. Anaketi kwenye kikao cha ukoo wa mume, na aliyempiga ni mtoto wa ukoo huo. Watu wake wako wapi? Pengine wako ng'ambo ya mlima, na habari hawajazipata bado. Anaambiwa, "Mama, tumekusikia, sasa na wewe utusikie." Na kusikia kwenyewe maana yake ni kukubali.

Nakumbuka mama mmoja aliyefika mahakamani kwetu akiwa amechelewa miezi mingi. Shemeji yake alikuwa amempiga kwa mpini wa jembe katika ugomvi wa zamu ya maji ya mfereji. Ninyi mnaoishi mlimani mnajua jinsi zamu ya maji inavyoweza kugombanisha watu wakati wa kiangazi. Siku ya tatu ukoo uliketi. Shemeji alitoa mbuzi, akalipa na dawa za kwanza, watu wakala, wakaomba, wakashikana mikono. Hakuna aliyekwenda polisi, wala hakuna tabibu aliyeandika kitu cha kueleweka zaidi ya jina la dawa kwenye kijikaratasi.

Mfupa uliunga vibaya. Alipokuja kwetu alikuwa hawezi kujitwika ndoo ya maji wala kuinua mkono kuchuma kahawa. Alikwenda kwa shemeji kuomba fedha za matibabu zaidi, akajibiwa kwamba yalikwisha siku ile ya mbuzi. Na wale wazee walioketi walisema vivyo hivyo. Huenda lile lilikuwa kosa la madhara makubwa, la kupelekwa mahakama ya juu. Lakini tulikuwa na mkono uliopinda tu, na mshitakiwa aliyesema kwamba mama yule alianguka siku nyingine akitoka shambani. Mashahidi wote walikuwa ni watu wa ukoo mmoja, na hawakukumbuka chochote. Katika kesi ya jinai hatia huthibitishwa pasipo kuacha shaka. Shaka ilikuwepo, na kisheria shaka humwendea mshitakiwa. Tulimwachia huru. Yule mama alisimama, akatazama mkono wake, akatoka.

Wazee wale hawakuwa watu wabaya. Walipatanisha kabla ya kujua wanapatanisha nini. Walimpa mgonjwa bei ya uvimbe, kumbe alikuwa amevunjika mfupa.

Upatanisho ndani ya mahakama

Wengi hawajui kwamba hata mahakama inaruhusiwa kupatanisha. Kwa kosa la shambulio la kawaida, au kosa lingine la binafsi lisilo zito, hakimu anaweza kuwasaidia wahusika wapatane, kwa fidia au kwa masharti mengine ambayo mahakama itayakubali, kisha akalisimamisha shauri. Hakuna aliyeshinda wala aliyefungwa.

Lakini angalieni masharti yaliyowekwa hapo. Kosa liwe dogo. Aliyepigwa akubali kwa hiari yake, si mumewe wala baba yake wala mchungaji amkubalie. Na masharti ya mapatano yaonwe na mahakama.

Tulipata shauri la akina mama wawili wauza ndizi waliopigania mahali pa kuketi gulioni. Mmoja alimpiga mwenzake kwa kikapu, akamkwaruza shingoni na kumchania kitenge. Fomu ilionyesha michubuko tu. Hakimu aliwauliza kama wako tayari kupatana. Aliyepigwa akasema yuko tayari, ila alipwe gharama za dawa, kitenge, na siku mbili ambazo hakuuza. Mwenzake akakubali. Yakaandikwa yote, na fedha zikahesabiwa mbele ya karani. Baadaye nimewaona mara nyingi wakiuza ndizi bega kwa bega, mmoja akimwangalizia mwenzake mzigo anapokwenda msalani.

Mpatano huu na ule wa mbuzi una tofauti gani? Wote ulikuwa msamaha. Lakini huu ulifanywa baada ya jeraha kupimwa, ukaandikwa, na aliyeumia ndiye aliyetaja alichopoteza.

Yako makosa yasiyo na mlango huu kabisa. Kubaka na makosa mengine ya kujamiiana, ambayo Bunge liliyatungia sheria kali mwaka 1998, hayamalizwi kwa mbuzi wala kwa fedha. Adhabu ya kubaka kwa kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30. Mzee yeyote anayeketi kikao cha kupatanisha jambo kama hilo, hasa likiwa limempata mtoto, anaficha uhalifu, hata kama ameanza kwa sala.

Siku ya adhabu

Watu hudhani kwamba mshitakiwa akionekana ana hatia, hakimu hufungua kitabu na kusoma adhabu. La hasha. Ile miaka 5 au 7 ni mpaka wa juu ambao hakimu haruhusiwi kuuvuka. Ndani yake kuna kazi ya kupima.

Kwanza mahakama huuliza kama mtu huyu amewahi kutiwa hatiani. Kisha yeye mwenyewe hupewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu. Hapo ndipo mnasikia habari za watoto sita, mama mzee, na ugonjwa wa kifua. Mengine ni kweli. Mahakama hutazama kama alikiri mapema au aliwasumbua mashahidi, kama alichokozwa, alitumia mkono au panga, na jeraha limefika wapi. Baada ya hapo, jela ni njia moja tu kati ya njia kadhaa. Kuna faini. Kuna fidia kwa aliyeumia. Kuna kuachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12, na akivunja sharti anarudishwa kuadhibiwa. Na tangu sheria ya mwaka 2002 kuna huduma kwa jamii: mtu hulala kwake, lakini saa alizopangiwa anafagia zahanati au anachimba mtaro wa shule bila malipo.

Wakati wangu, sheria ilitupa sisi washauri kura sawa na ya hakimu, katika hatia na hata katika adhabu. Tukitofautiana, walio wengi ndio waliopita. Naliona jambo hilo kuwa zito sana. Nilikuwa nikiingia chumba cha hakimu kupanga adhabu nikifikiri juu ya jikoni kwa watu, maana adhabu huishia jikoni.

Faini, kwa mfano. Wengi hudhani faini humwendea aliyepigwa. Hapana, faini ni ya serikali. Anayetakiwa kumlipa aliyepigwa anaamriwa fidia, na fidia ni amri tofauti. Kwa hiyo ukiwa mlalamikaji, usinyamaze siku hiyo. Tunza stakabadhi za dawa na za nauli, hesabu siku ulizolala bila kazi, na uieleze mahakama. Jambo hili si la kizungu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, Musa aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akimpiga mwenzake katika ugomvi hata akalala kitandani, amlipe muda alioupoteza na amtibu mpaka apone. Hakusema amletee mbuzi mmoja siku ya tatu.

Aliyeamua ni nyumba moja

Shauri lililonichosha kuliko yote ni la mume na mke. Kofi kwa jirani lina njia zake, lakini pale mpigaji anaporudi kulala chumba kimoja na aliyepigwa, kila adhabu hugeuka.

Sheria yenyewe haina kigugumizi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na bado nasikia watu wakisema juu ya mke "alimrudi kidogo", kana kwamba ni mtoto, na kana kwamba hata mtoto hupigwa hivyo. Mume ampigaye mkewe anashitakiwa kwa kosa lile lile ambalo angeshitakiwa nalo akimpiga mtu barabarani.

Mama mmoja alimleta mumewe kwetu. Alikuwa na jicho lililofunga na mdomo uliopasuka, na fomu yake ilikuwa imejazwa vizuri. Mume alikiri. Ilipofika wakati wa adhabu, mama yule akaomba kusema. "Waheshimiwa," akasema, "mimi sikumleta afungwe. Akifungwa nitalimaje peke yangu, na ada nitatoa wapi? Na wakwe watasema nimemtupa mtoto wao jela. Mimi nataka aache kunipiga, basi."

Tukaingia ndani. Mshauri mwenzangu, mzee wa makamo, akasema tumtoze faini aone uchungu. Nikamwuliza, "Mzee wangu, faini hiyo itatoka wapi? Si atauza mbuzi wa yule mama?" Alifikiri, akacheka kwa huzuni. Fidia nayo ingetoka mfuko ule ule. Kifungo kingewaadhibu watoto, lakini kumwacha aende hivi hivi kungemfundisha kwamba mahakama nayo ni kama kikao cha ukoo. Tulizungumza muda mrefu. Mwisho tukakubaliana sote watatu kumwachilia kwa sharti la kutotenda kosa kwa miezi 12, na hakimu akamweleza wazi, mbele ya mkewe na ndugu zake, kwamba akiinua mkono tena katika muda huo ataletwa kuadhibiwa kwa makosa yote mawili.

Mwaka ule haukwisha bila mimi kukutana naye yule mama. Nikamwuliza hali ya nyumbani. Akajibu, "Anahesabu miezi, mama. Na mimi nahesabu." Sikujua nicheke au nilie. Lakini alikuwa amepata mwaka wa kulala bila hofu, na katika mwaka huo alijiunga na chama cha akiba na kufungua akaunti ya maziwa kwa jina lake. Hayo hakimu hawezi kuyaandika katika hukumu.

Sisemi kila mume aachiliwe hivyo. Yule alikuwa amekiri, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufikishwa mbele ya sheria. Mwingine huja mara ya tatu, au ametumia panga. Huyo jela ndiyo kinga ya mkewe, na mke asihesabiwe kuwa ndiye aliyemfunga. Amejifunga kwa mkono wake.

Kesi hufaje?

Mara nyingi shauri la kupigwa halifi kwa sababu hakimu amehongwa, kama watu wapendavyo kusema. Hufa kwa sababu mlalamikaji ameacha kuja. Siku ya kwanza yupo, ya pili yupo, ya tatu wakwe wamemzunguka, ya nne kiti chake kiko wazi. Mlalamikaji asipofika bila sababu, shauri laweza kufutwa. Nimewaona washitakiwa wakitoka wakitabasamu, na wiki ile ile tukasikia amepigwa tena.

Kama umeamua kweli kuliondoa shauri, yako pia maongozi. Njoo mahakamani ukaombe, nayo itakuuliza sababu na kuona kama hujatishwa. Usiliache likafa kwa kukosekana kwako. Na kama hukuridhika na hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Siku 30 huisha upesi wakati wa mavuno.

Mambo mengine yamekuwa afadhali kuliko zamani zangu. Vituo vingi vya polisi sasa vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo mama huzungumza faraghani badala ya kueleza habari zake kaunta mbele ya watu wote. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa ushauri bila malipo. Na kuanzia mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya mahakama zote, siyo za Mwanzo tu, hivyo mama wa Nkoanrua au Ngaramtoni anaweza kufuatilia kinachosemwa juu ya mwili wake mwenyewe.

Paulo hakutoka kimya kimya

Najua msomaji mmoja atasema, "Lakini mama, Bwana ametuagiza kusamehe." Ndiyo, na sijaona mahali alipotuagiza kusema uongo ili mwingine asamehewe. Someni Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo na Sila walipigwa viboko hadharani kule Filipi bila kuhukumiwa, wakatupwa gerezani. Kesho yake wakubwa wa mji wakatuma watu kwamba waachiliwe, waende zao kwa amani. Ilikuwa nafasi nzuri ya kuyamaliza kimya kimya. Paulo alikataa. Alitaka wakubwa wale waje wenyewe kuwatoa, maana kosa lilifanywa mbele ya watu. Wakaja, wakawasihi. Paulo hakudai wafungwe wala wapigwe. Usiku ule ule alikuwa amemwokoa askari wa gereza asijiue. Moyo wake ulikuwa umekwisha kusamehe, lakini ukweli alitaka usemwe.

Na Zakayo, alipopatana na Mungu, hakuomba watu wasahau. Alisimama akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu.

Kwa hiyo, dada yangu, ukipigwa fanya haya. Nenda kwa mtu salama. Chukua PF3 na utibiwe mapema, na ukiruhusiwa pata nakala. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kilichotokea, siku hiyo hiyo, ili awepo wa kukumbuka. Tunza nguo yenye damu na stakabadhi. Ukiitwa kwenye kikao cha wazee, waheshimu, uende na mtu wa kwenu, na useme, "Nitajibu nikishasikia tabibu amesema nini." Neno hilo si la ukaidi. Mzee mwenye hekima atalipenda.

Na wewe mama mkwe, wifi, mke wa mchungaji au kiongozi wa kikundi, unayepelekwa kumbembeleza mgonjwa afute kesi, jiulize kwanza kama umekwisha kumwuliza anaumwa wapi. Mwacheni apone kidogo. Mpikieni uji, mchungieni ng'ombe, mpelekeni kliniki siku ya kuondoa nyuzi. Kisha mkimwomba asamehe, atakuwa na kitu cha kutoa kwa hiari yake, na atajua bei yake.